Kadi mpya ya EBT: namna ya kuiwasha, kuweka namba ya siri na kuilinda kabla pesa haijaingia

Kadi ya msaada wa chakula nchini Marekani mara nyingi hufika ndani ya bahasha nyeupe ya kawaida, isiyo na chochote cha kuvutia macho, na ndiyo maana kadi nyingi huishia kwenye pipa la taka pamoja na karatasi za matangazo. Hasara hiyo humpata mtu hata kabla hajashika simu. Ukishafanya mahojiano ya SNAP, mpango ambao wengi bado wanauita food stamps ingawa jina lilibadilishwa mwaka 2008, fungua kila barua inayokuja kwa jina lako mpaka kadi ipatikane. Kama unakaa kwenye jengo lenye visanduku vingi vya barua, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kisanduku chako, kwa tahajia ileile uliyoandika kwenye fomu ya maombi.

Kuiwasha kadi ni kazi ya dakika kumi. Inapogeuka kuwa ya siku tatu, ubovu wa kadi huwa nadra kuwa sababu. Kwa kawaida ni taarifa mbili zisizolingana: ulichobonyeza wewe kwenye simu na kilichoandikwa kwenye faili lako. Soma sehemu ya maandalizi kwa makini kuliko nyingine zote.

Ijue kadi uliyoshika

EBT ni mfumo wa kulipia kwa kadi unaotumika katika majimbo yote ya Marekani, lakini kila jimbo lina jina lake kwenye plastiki. Texas ni Lone Star, Illinois ni Link, Michigan ni Bridge, Pennsylvania ni ACCESS, Ohio ni Direction, Oregon ni Oregon Trail, Maryland ni Independence, Arizona ni Quest. Usishtuke usipoona neno SNAP kwa mbele. Geuza nyuma: kuna mstari mweusi wa sumaku, sehemu ya kuweka sahihi, na namba ya simu ya huduma kwa wateja. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia leo na siku zote. Usiitafute kwenye Google, kwa sababu matapeli hulipia matangazo ili namba zao zitokee juu kabisa.

Kisheria, ofisi ina siku 30 tangu ulipoomba kukamilisha maombi ya kawaida, na siku 7 kwa familia yenye pesa kidogo sana inayostahili msaada wa haraka. Kadi inaweza kukufikia kabla ya barua ya uamuzi, kwa hiyo kuwa na kadi mkononi si uthibitisho kwamba umekubaliwa. Ofisi nyingine hukupa kadi hapohapo siku ya mahojiano.

Familia moja inaweza kupokea kadi zaidi ya moja, na kila moja huwashwa peke yake. Kadi ya WIC, mpango wa lishe wa mama mjamzito na watoto chini ya miaka mitano, ni tofauti na hii katika majimbo mengi. Pesa ya chakula ya wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi, SUN Bucks, dola 120 kwa mtoto, nayo huweza kuja kwenye kadi yake, na katika majimbo kadhaa mashine itakuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto badala ya yako. Pesa ya SUN Bucks hufutika baada ya siku 122, isikae kabatini.

Maandalizi kabla ya kupiga simu

Weka mezani kadi, barua iliyokuja nayo, barua ya ofisi yenye namba ya kesi, kadi ya Social Security ya mtu aliyeomba, na kalamu. Kisha pitia mambo haya.

Tarehe ya kuzaliwa. Marekani huanza na mwezi, kisha siku, kisha mwaka. Aliyezaliwa tarehe 7 Machi 1985 hubonyeza 03071985. Akiandika 07031985 kama tulivyozoea, mashine inasoma tarehe 3 Julai na kumkataa. Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Na kama karatasi zako za uhamiaji zinasema 01/01, basi kwa mashine hii wewe ulizaliwa tarehe 1 Januari, hata kama mama yako anakumbuka siku nyingine. Bonyeza kilichoandikwa kwenye karatasi.

ZIP code. Ni tarakimu tano za eneo la anwani yako. Kinachotakiwa ni ile iliyo kwenye faili la kesi. Kama ulihama baada ya kuomba na hukutoa taarifa, mashine bado inakufahamu kwa anwani ya zamani.

Tarakimu nne za mwisho za Social Security. Si mfumo wa kila jimbo unaoziuliza, lakini ziwe karibu.

Mwenye kesi ni nani? Kadi hutolewa kwa jina la mtu mmoja, yule aliyeandikwa kuwa kichwa cha kaya kwenye maombi. Kama aliyeomba ni mke, taarifa zinazotakiwa ni za mke, hata kama mume ndiye anayeongea na simu. Angalia jina kwenye kadi kabla ya kuanza.

Mwisho, chagua namba ya siri yenye tarakimu nne kabla ya kupiga, maana mashine haikusubiri ufikirie. Usitumie 1234, 0000, mwaka wa kuzaliwa, wala tarakimu nne za mwisho za kadi. Namba nzuri ni ile unayoweza kuikumbuka bila kuiandika mahali, mfano tarakimu za nyumba uliyokaa zamani ambazo hakuna mtu hapa anazijua.

Kuiwasha kwa simu

Kaa mahali pasipo kelele. Mifumo mingi husikiliza sauti, na mtoto akilia karibu, mashine inaweza kudhani umejibu. Ni salama zaidi kubonyeza kuliko kutamka.

1. Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Ni bure na hupokelewa saa 24.
2. Chagua lugha. Mara nyingi 1 ni Kiingereza na 2 ni Kihispania. Kiswahili hakimo kwenye mashine nyingi, tutalirudia hilo hapa chini.
3. Bonyeza namba yote ya kadi iliyo mbele, kwa kawaida tarakimu 16. Zisome kwa mafungu ya nne nne huku ukifuata kwa kidole. Mashine ikikuomba alama ya reli (#) mwishoni, ibonyeze.
4. Mfumo ukishaitambua kadi kuwa mpya, utakupeleka kwenye "activate" au "select a PIN". Bonyeza tarehe ya kuzaliwa, ZIP code na chochote kingine kitakachoulizwa.
5. Bonyeza namba ya siri, kisha irudie mara ya pili.
6. Usikate simu. Subiri usikie uthibitisho, halafu sikiliza salio. Wengi hukata baada ya kubonyeza mara ya kwanza, namba ya siri haihifadhiwi, na kesho yake kadi inakataliwa dukani mbele ya watu.

Ukimaliza, weka sahihi nyuma ya kadi.

Katika baadhi ya majimbo namba ya siri hutumwa kwa barua nyingine tofauti, siku chache kabla au baada ya kadi. Ikiwa barua ya kadi inasema hivyo, isubiri, kisha ibadilishe kwa simu siku hiyohiyo. Unaweza pia kutumia tovuti au programu ya simu iliyotajwa kwenye barua ya kadi yako. Majimbo mengi hutumia ebtEDGE au ConnectEBT. Andika anwani ya tovuti kwa mkono kama ilivyo kwenye barua badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa na mtu.

Kuiwasha kadi hakuna malipo yoyote. Tovuti inayokuomba dola mbili za "usajili" ni ya wezi.

Kama Kiingereza kinakushinda

Una haki ya kupewa mkalimani bila malipo kwenye ofisi za SNAP. Sentensi inayotosha ni hii: "Swahili interpreter, please." Jaribu kwanza kusubiri mhudumu kwenye namba ya kadi, ikishindikana, piga ofisi ya kaunti yako au nenda mwenyewe ukiwa na kadi. Anayetoka Kongo aseme "Congolese Swahili", maana Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi na cha mkalimani aliyekulia Mombasa vinaweza kupishana palepale kwenye tarehe na hesabu. Wanaozungumza Kinyarwanda au Kirundi vizuri zaidi waombe lugha hizo.

Mkalimani husaidia kila kitu isipokuwa namba ya siri. Namba ya siri hubonyezwa, haitamkwi. Mhudumu halali hatakuomba umtajie. Na jirani mwema aliyekusaidia kupiga simu, mwambie kwa heshima ageuke unapofika hatua ya tano.

Ikikataa

Mashine ikisema taarifa hazilingani, usirudie kubahatisha mara kumi. Geuza mwezi na siku ujaribu mara moja. Ikikataa tena, jaribu ZIP ya anwani ya zamani. Bado? Basi faili lina kosa: karani aliandika tarehe vibaya, au majina yamebadilishana nafasi, la ukoo likawa la kwanza. Hapo huduma ya kadi haiwezi kukusaidia, kwa sababu wao husoma tu kile ofisi ya jimbo ilichoingiza. Piga ofisi iliyokufanyia mahojiano, toa namba ya kesi, waombe wakusomee tarehe ya kuzaliwa na anwani walizonazo. Baada ya marekebisho huenda ukahitaji kusubiri mpaka siku inayofuata ndipo mfumo wa kadi usome taarifa mpya.

Ukikosea namba ya siri mara kadhaa mfululizo, tatu au nne katika majimbo mengi, kadi hujifunga kwa muda, kwa kawaida mpaka saa sita usiku ipite. Pesa haijapotea. Ngoja, kisha piga simu uweke namba mpya.

Kadi imewaka lakini salio ni sifuri: hilo ni jambo jingine kabisa, na lina sababu tatu au nne. Huenda maombi hayajaamuliwa. Huenda siku yako haijafika, kwani majimbo mengi hugawa siku za kuingiza pesa; California, kwa mfano, huingiza kati ya tarehe 1 na 10 kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya kesi. Au huenda ni mwezi wa kwanza, ambao huhesabiwa kuanzia siku uliyoomba. Aliyestahili dola 600 kwa mwezi na akaomba tarehe 16 atapata dola 300 mwezi huo, na hilo si kosa la mtu. Hesabu hiyo ikitoa chini ya dola 10, mwezi wa kwanza hulipwi kitu.

Sababu ya nne inazigusa familia zetu moja kwa moja. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilipunguza aina za wahamiaji wanaostahili SNAP: wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana green card waliondolewa kwenye orodha. Watoto waliozaliwa Marekani ni raia na sheria hiyo haiwagusi, kwa hiyo kaya inaweza kubaki na kesi yenye kiasi kidogo kuliko zamani. Mtu anayepata green card apeleke nakala ofisini mara moja, asingoje aulizwe. Na ukipokea barua ya kukatiwa ambayo unaamini ina kosa, una siku 90 tangu barua hiyo kuomba usikilizwaji wa rufaa, ambao unaitwa "fair hearing". Shirika lililokupokea au ofisi ya msaada wa kisheria watakusaidia kuandika ombi.

Mara ya kwanza dukani

Chagua duka lenye tangazo la EBT au SNAP mlangoni. Maduka mengi ya Kiafrika na ya halali yana kibali, ila si yote, basi uliza kabla ya kujaza kikapu.

Vinavyoruhusiwa ni vyakula vya kupeleka nyumbani: unga wa mahindi na wa muhogo, mchele, maharage, sombe ya barafu, dagaa, nyama, maziwa, mafuta ya mawese. Mbegu za mchicha na miche ya nyanya inaruhusiwa pia, kwa kuwa ni mimea ya chakula, na watu wengi hawalijui hili. Visivyoruhusiwa ni pombe, sigara, vitamini na dawa, sabuni, nepi, chakula cha mbwa, na chakula kinachouzwa kikiwa cha moto. Sambusa ya moto hailipiki. Ileile ikiuzwa baridi, ya kwenda kupashwa nyumbani, inalipika. Mbuzi aliye hai hawezi kununuliwa kwa SNAP, ila akichinjwa kabla hujamchukua, na muuzaji awe na kibali, inaruhusiwa. Baadhi ya majimbo sasa yamekataza soda na peremende, kwa hiyo soma tangazo la jimbo lako.

Tenga vitu vya chakula na visivyo vya chakula kwenye mkanda wa keshia. Sema "EBT". Pitisha kadi, mstari mweusi ukiangalia upande uliochorwa kwenye mashine. Kadi mpya za California zilizoanza kutolewa mwaka 2025 zina chipu na huingizwa au kugusishwa. Mashine ikiuliza aina, chagua "EBT Food" au "Food Stamps". Ukichagua "Debit" au "Credit" itakataa, na "EBT Cash" ni akaunti ya pesa taslimu ambayo huenda huna. Funika vidole kwa kiganja cha mkono wa pili, bonyeza namba ya siri, soma kiasi kwenye kioo, kubali.

Tuseme kikapu kizima ni dola 75.45, na ndani yake sabuni na nepi ni dola 21.15. Mashine itakata dola 54.30 za chakula na kukuachia 21.15 ulipe kwa pesa yako. Keshia akisema bado unadaiwa, mara nyingi ndicho anachomaanisha, wala hajakupunja. Vilivyolipwa kwa SNAP havitozwi kodi ya mauzo. Risiti hutoka na mstari ulioandikwa "SNAP BAL" au "FS BAL": hilo ndilo salio lako. Itunze mpaka manunuzi yanayofuata.

Na salio likifika sifuri, usitupe kadi. Mwezi ujao pesa itaingia kwenye kadi hiyohiyo. Kilichobaki mwezi huu huvuka kwenda mwezi ujao. Kinachofuta pesa ni akaunti kukaa bila kutumika kabisa kwa miezi tisa.

Kuilinda

Pesa ya SNAP iliyoibwa kwa kunakili kadi baada ya tarehe 20 Desemba 2024 hairudishwi tena na serikali kuu. Familia iliyoibiwa usiku wa kuamkia tarehe yake ya malipo inaanza mwezi mikono mitupu. Kwa hiyo ulinzi ni sehemu ya kuiwasha kadi.

Wezi huvisha kifuniko cha bandia juu ya mashine ya keshia, kinasoma mstari wa sumaku huku kikirekodi vidole. Kabla ya kupitisha kadi, shika kingo za mashine uzitikise kidogo. Kitu kilicholegea, kilichozidi unene, au vitufe vigumu kuliko kawaida ni dalili tosha ya kwenda kwenye keshia mwingine. Zaidi ya hapo, badilisha namba ya siri kila mwezi, siku moja au mbili kabla ya siku yako ya malipo. Mwizi aliyenakili kadi yako wiki mbili zilizopita anashika namba iliyokwisha kazi. Hatua hii ni ya bure, inachukua dakika tatu, na hakuna nyingine inayoishinda.

Kama programu ya jimbo lako ina kitufe cha kufunga kadi, ifunge ukitoka dukani na uifungue ukiwa kwenye foleni. Baadhi hukuruhusu pia kuzuia manunuzi ya mtandaoni na ya majimbo mengine. Ukisafiri kwenda kumwona ndugu jimbo jingine, kumbuka kuondoa kizuizi hicho, kwa sababu kadi yenyewe inakubalika nchi nzima.

Ujumbe wa simu unaosema kadi yako imefungwa, piga namba hii au bonyeza hapa: ufute. Ukiingiwa na wasiwasi, piga namba ya nyuma ya kadi. Usitume picha ya kadi kwenye kundi la WhatsApp hata kama unaomba msaada tu. Na anayekuambia akupe dola 50 taslimu umpe kadi ya dola 100, mkatae. Kuuza pesa ya SNAP ni kosa la jinai; hukumu ya kuuza dola 500 au zaidi hukufungia msaada huo maisha yako yote, na inaweza kuharibu kesi yako ya uhamiaji.

Ikipotea au kuharibika

Piga simu dakika hiyohiyo kutoka simu yoyote. Kwa sababu namba ilikuwa nyuma ya kadi ambayo sasa huna, iandike leo kwenye simu yako na kwenye karatasi jikoni. Ukitoa taarifa, kadi lazima ifungwe papo hapo, na chochote kitakachochukuliwa baada ya taarifa yako ni mzigo wa jimbo, si wako. Andika saa uliyopiga na namba ya kumbukumbu utakayopewa. Thibitisha anwani kabla ya kukata simu, la sivyo kadi mpya itakwenda nyumba ya zamani.

Kadi mbadala ina namba mpya, hivyo huwashwa upya kwa hatua zilezile, na kama uliiweka kwenye duka la mtandaoni, ifute ile ya zamani uweke hii. Baadhi ya majimbo hutoza ada ndogo. Ukiomba kadi nne ndani ya miezi 12, tarajia barua ya kukutaka ueleze. Ukiwa na sababu ya kweli, kama mstari wa sumaku kuchakaa au kadi kupotelea njiani, ieleze hivyo hivyo. Mstari huo huharibiwa na sumaku za pochi na vifuniko vya simu, basi kadi ikae kwenye mfuko wake wa karatasi, mbali na simu.